Mfadhili Akiondoka, Mgonjwa Atabaki na Nani?

 

Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Anaeleza kwamba yeye na wenzake kumi na wawili wana kikundi cha kuwatembelea wajane, wazee wasio na watu wa kuwatunza na wagonjwa ambao hawawezi kuinuka kitandani. Huwafulia, huwapikia uji, huwatekea maji na kusali pamoja nao. Sasa kazi imewazidi, maana wagonjwa ni wengi na mifuko yao ni mitupu. Mwishoni ananiuliza: "Mama Muuguzi, tufanyeje ili na sisi tupate mfadhili?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, kanisani na hata wodini. Ningeweza kulijibu kwa maneno machache: sajilini kikundi, fungueni akaunti benki, andikeni mradi, pelekeni maombi. Majibu hayo nitayatoa hapa chini, kwa kuwa ni ya lazima. Lakini kwanza naomba niwasimulie yaliyotupata sisi. Sisi tulimpata mfadhili, na nusura tuipoteze huduma yenyewe. Kosa halikuwa la mfadhili. Lilikuwa letu, na sehemu kubwa lilikuwa langu mimi niliyekuwa mweka hazina.

Tulivyoanza

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi katika wodi ya wanawake. Mara kwa mara niliona wagonjwa wa saratani wakiruhusiwa kurudi nyumbani kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Nyumbani hakukuwa na mtu aliyejua kumgeuza mgonjwa, kusafisha kidonda kinachonuka, au kumpa dawa ya maumivu kwa saa zake bila kungoja mpaka aanze kulia. Nilikuwa nikirudi kwangu jioni nikiwa na huzuni.

Basi niliwaita akina mama wa mtaa wetu wa kanisa, tukawa kumi na wanne. Niliwafundisha mambo machache. Mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Kinywa chake kisafishwe hata kama hali chakula. Atandikiwe mpira chini ya shuka. Mhudumu avae glovu kila anapogusa damu au usaha. Na kila mmoja ajue dalili zinazotaka mgonjwa arudishwe hospitali mara moja.

Tulikwenda wawili wawili kila Jumamosi. Hatukuwa na fedha. Kila mama alileta alichonacho: huyu kipande cha sabuni, huyu kibaba cha unga wa lishe, huyu kanga kuukuu ya kukata vitambaa. Vitu hivyo tuliviweka katika kapu moja kubwa, na kila wawili walichukua vya kuwatosha. Kwa namna hiyo tuliwahudumia wagonjwa tisa kwa muda wa miaka miwili bila kukosa Jumamosi hata moja. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi tuliyaona hayo kwa macho.

Ruzuku ilipokuja

Mwaka wa tatu, shirika moja la misaada lilisikia habari zetu. Walikuja, wakatembea nasi, wakaona kapu letu. Baada ya miezi michache tulisaini mkataba wa ruzuku ya shilingi milioni 12 kwa miaka miwili. Nakumbuka siku hiyo tulipiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Ruzuku ile ilifanya mema mengi, na sitaki mtu afikiri vinginevyo. Tulinunua baiskeli mbili, mikoba ya vifaa, glovu za kutosha na mipira ya kutandika. Tulipata mafunzo ya siku tano kutoka kwa wataalamu. Wagonjwa waliongezeka kutoka 9 hadi 31, na baadhi yao walikuwa vijiji vya mbali ambako hatukuwahi kufika.

Lakini katika bajeti tuliweka pia posho. Kila mama angelipwa shilingi 3,000 kila Jumamosi anapokwenda kwa wagonjwa. Aliyependekeza ni mimi. Nilijiambia, hawa wenzangu wanaacha biashara zao za maandazi na mboga, kwa nini wasipate chochote? Sikuwa na nia mbaya, ila sikupiga hesabu. Akina mama kumi na wanne, Jumamosi nne, miezi ishirini na minne: karibu theluthi moja ya ruzuku yote ilikwenda huko.

Baada ya miezi mitatu niliona kwamba lile kapu lilikuwa tupu. Nani alete kipande cha sabuni na hali stoo kuna katoni nzima? Baada ya miezi sita wakaanza kuja akina mama ambao hatukuwahi kuwaona, wakitaka kuandikwa katika orodha. Yakazuka manung'uniko kuhusu zamu. Siku moja nilisikia wawili wakibishana mlangoni mwa mgonjwa kuhusu nani aliyekosa posho ya wiki iliyopita, na mgonjwa yuko ndani anawasikia. Niliwakemea, lakini sikujiuliza ni nani aliyeipanda mbegu ile.

Miaka miwili ikaisha. Mfadhili hakutudanganya, tarehe ya mwisho ilikuwa imeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa mkataba. Tuliomba tuongezewe muda, wakajibu kwa upole kwamba sasa wanaelekeza nguvu mikoa mingine. Jumamosi ya kwanza bila posho walikuja akina mama sita. Ya pili walikuja watatu. Ya tatu nilikuwa zamu ya usiku, na hakuna aliyekwenda.

"Nilidhani mmehama"

Ilipita karibu miezi miwili. Siku moja nikiwa mapumzikoni nilikwenda kumwona bibi mmoja aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambaye aliishi na mjukuu wake wa kiume wa darasa la sita. Nilipobisha hodi alinitambua kwa sauti.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Nilidhani mmehama wote."

Hakusema kwa hasira, wala hakutusuta. Alidhani kweli tumehama, maana hakuweza kufikiri sababu nyingine ya watu waliokuja kila Jumamosi kwa miaka kutoweka bila kuaga. Nilipomgeuza nilikuta kidonda cha kulalia chenye ukubwa wa kiganja changu. Yule mtoto ndiye aliyekuwa akimwosha bibi yake, na kwa ajili hiyo alikuwa amekosa shule siku nyingi. Alinionyesha kwa fahari jinsi alivyokumbuka kuvaa mfuko wa nailoni mkononi, kwa sababu glovu zilikwisha.

Nilimsafisha bibi, nikampa uji, nikakaa naye mpaka jioni. Alifariki kabla ya Pasaka. Kidonda kile hakikumuua, maana saratani ilikuwa imekwisha enea, lakini kilimwongezea maumivu ambayo hakustahili kuyapata. Nimekuwa muuguzi kwa miaka zaidi ya ishirini, na maneno yake bado nayasikia.

Ruzuku zote zina mwisho

Mpenzi msomaji, yaliyotupata sisi katika mtaa wetu huwapata pia wakubwa. Hebu tuangalie mifano miwili.

Baada ya kifo cha Diana wa Uingereza mwaka 1997, ulianzishwa mfuko wa kumbukumbu yake kutokana na michango ya watu wengi. Miongoni mwa kazi zake, mfuko huo ulitoa ruzuku za kuendeleza huduma ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ambayo siku hizi tunaiita huduma shufaa, katika nchi kadhaa za Afrika zikiwamo Uganda na Kenya. Mfuko ule ulipangwa kumaliza fedha zake na kufungwa, nao ukafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mashirika yaliyosaidiwa yalijua mapema, na yale yenye hekima yaliutumia muda uliobaki kufundisha watu na kutafuta njia nyingine. Huo ni mwisho mzuri, mwisho wenye kuaga.

Upo pia mwisho usioaga. Mwaka 2003 serikali ya Marekani ilianza mpango wake mkubwa wa kupambana na Ukimwi, unaojulikana kwa jina la PEPFAR, nao umeokoa maisha ya watu wengi sana barani Afrika. Sisi wauguzi tuliofanya kazi kabla na baada yake tunajua tofauti iliyoletwa na dawa zile. Lakini Januari 2025 serikali mpya ya nchi hiyo ilisimamisha misaada ya nje ili ifanyiwe mapitio, na katika nchi nyingi kazi za mashirika madogo zilisimama ndani ya siku chache. Kufikia Julai 1, 2025 shirika la USAID, ambalo kwa miaka zaidi ya sitini lilipitisha misaada hiyo, likakoma kuisimamia. Wako wahudumu walioambiwa leo kwamba kesho wasije kazini.

Hapo niseme neno moja kama muuguzi. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, hata kama mradi uliokuwa ukimtembelea nyumbani umefungwa, asiache dawa. Aende kituo cha afya kilicho karibu aeleze hali yake.

Sisemi haya ili tuwalaumu wafadhili. Fedha ni zao, na wana haki ya kuzipeleka kwingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto. Ninachosema ni kwamba kila kikundi kinapopokea ruzuku kijue kuwa mwisho wake upo, na kwamba atakayeumia siku hiyo si mwenyekiti wala mweka hazina. Ni yule aliyelala kitandani.

Fedha ya nje inunue nini?

Tangu siku ile nimeishika kanuni moja: ruzuku isilipie kitu ambacho tayari mlikuwa mkikitoa bure kwa upendo. Ilipie kile ambacho hamkuweza kukipata wenyewe.

Ruzuku inafaa kwa vifaa vinavyodumu, kama vile vitanda, magodoro, viti vya magurudumu, baiskeli na mashine za kupimia shinikizo la damu. Inafaa kwa mafunzo, kwa maana ujuzi ukishaingia kichwani hakuna anayeweza kuuchukua. Inafaa kwa kuchimba kisima, kukarabati jumba au kuanzisha mradi utakaoleta mapato. Baadhi ya wafadhili wenyewe huiona hivyo. Kwa mfano, serikali ya Japani ina mpango wa misaada kwa miradi ya wananchi, ulioanza mwaka 1989, ambao hupitia katika balozi zake. Kwa kawaida mpango huo husaidia majengo na vifaa, lakini haulipi mishahara na gharama za kila siku.

Msinielewe vibaya. Anayefanya kazi kutwa, siku tano kwa wiki, huyo ni mfanyakazi, naye anastahili mshahara wake. Pia ni haki kumrudishia mama nauli aliyotumia, maana maskini asitozwe kwa sababu ya kutenda mema. Lakini kama mshahara unatoka katika ruzuku ya miaka miwili, mhusika aambiwe hivyo wazi, kwa maandishi, siku ya kwanza.

Hatua za kufuata

Sasa nirudi kwa dada yetu aliyeandika barua. Kwa wale walioko Tanzania, hatua ni hizi.

Kwanza, mtambulike kisheria. Kikundi kidogo kinaweza kuanza kwa kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri. Kikundi cha kanisa kinaweza pia kufanya kazi chini ya mwamvuli wa usharika, parokia au dayosisi, mradi viongozi wamekubali kwa maandishi. Mkitaka kuwa shirika kamili, mtasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, nanyi mtawajibika kupeleka taarifa zenu kwa Msajili kila mwaka. Aidha, kanuni za mwaka 2018 zililitaka shirika linaloingia mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 kuuwasilisha kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Wengi wamejikuta matatani kwa kutojua haya.

Pili, jueni tofauti ya mkopo na ruzuku. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Mkopo huo unafaa kwa biashara ya kikundi, lakini ni deni la kulipwa. Msiuchukue kununulia wagonjwa sabuni.

Tatu, tafuteni mlango unaolingana nanyi. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2003, hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia za hapa nchini. Mfuko wa Wanawake Tanzania husaidia vikundi na mashirika yanayotetea haki za wanawake na wasichana. Zipo pia balozi, kampuni, benki, na sharika rafiki za ng'ambo. Kila mmoja ana masharti yake na wakati wake wa kupokea maombi. Someni masharti kwanza, msipeleke andiko moja kila mahali kama mtu anayerusha mbegu juu ya mawe.

Nne, andikeni mradi kwa lugha nyepesi. Elezeni tatizo ni lipi, linawagusa watu wangapi, mtafanya nini, nani atafanya, itagharimu kiasi gani, mtajuaje kwamba mmefanikiwa, na huduma itaendeleaje fedha zikiisha. Swali hilo la mwisho wengi hulijibu kwa sentensi moja ya kupendeza wasiyoiamini wenyewe. Sisi tuliandika kwamba jamii itaendeleza mradi. Jamii hatukuwa tumeiuliza.

Tano, jihadharini na matapeli. Yako makaratasi na ujumbe wa simu unaosema kikundi chenu kimechaguliwa kupewa mamilioni, ila mtangulize fedha za kushughulikia faili. Mfadhili wa kweli hadai mumlipe ili awape.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Akina mama, tusiseme mambo ya hesabu ni ya wanaume au ya waliosoma sana. Mama anayeweza kulisha watoto watano kwa mshahara mmoja mpaka mwisho wa mwezi anaweza kutunza daftari la fedha.

Kila shilingi inayoingia iandikwe tarehe na ilikotoka. Kila inayotoka iwe na hati ya malipo na stakabadhi, na dukani mdai risiti ya mashine. Kwa kitu kikubwa, ulizeni bei katika maduka matatu kabla ya kununua. Anayechukua masurufu ya safari arejeshe hesabu yake kabla ya kupewa mengine, hata kama ni mwenyekiti. Benki watie saini watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja. Fedha za kikundi zisikae katika simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa kuwa simu huibiwa na wanadamu hufa. Tena hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote kila baada ya miezi mitatu, si kwa mfadhili peke yake.

Baadhi ya wenzetu huona kwamba kudai stakabadhi ni kutoaminiana. Hebu someni Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8. Mtume Paulo alikuwa akikusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na hakutaka kuusafirisha peke yake. Alihakikisha wapo ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu kuhusu fedha zile nyingi. Ikiwa Paulo aliona haja ya mashahidi, mimi mweka hazina wa mtaa ni nani nisitake?

Mgonjwa si tangazo

Jambo jingine linanigusa kama muuguzi. Wafadhili wengi huomba picha, na sisi kwa kutaka kuwapendeza tunampiga picha mgonjwa akiwa hoi, kidonda kikiwa wazi, au mtoto yatima akiwa na matambara. Picha hiyo sasa husambaa katika simu kabla hamjafika nyumbani. Siri ya mgonjwa ni mali yake, na umaskini haumwondolei haki hiyo. Ombeni ruhusa, mweleze picha itakwenda wapi, na akikataa asikose uji wake. Idadi ya wagonjwa, daftari lililotunzwa vizuri na picha ya vifaa mlivyonunua vinatosha kumwonyesha mfadhili kazi yenu.

Tulivyoanza upya

Baada ya mazishi ya yule bibi niliitisha kikao. Nilisimama nikakiri kwamba posho lilikuwa wazo langu, na kwamba tulikuwa tumemwacha mgonjwa kwa sababu ya shilingi 3,000. Wengine walilia. Wengine waliondoka, na hawakurudi mpaka leo. Tulibaki saba.

Tukarudisha lile kapu. Tulikubaliana kila mwanachama alete kitu kila mwezi, shilingi 1,000 au sabuni au unga, na anayeshindwa alete kuni au mkono wake wa kazi. Usharika ulituazima eka moja, tukalima mahindi. Nusu ya mavuno ilikuwa chakula cha wagonjwa na nusu tuliiuza. Vijana wa kanisa tuliwapa kazi ya kuteka maji. Katika kila nyumba ya mgonjwa tulimfundisha ndugu mmoja kazi zote tunazofanya, ili hata tukichelewa mgonjwa asikose wa kumgeuza. Wagonjwa tuliwapunguza kufikia idadi tuliyoiweza, na wale wa vijiji vya mbali tukawakabidhi kwa akina mama wa huko baada ya kuwafundisha. Kazi hiyo ilituchukua mwaka mzima.

Baadaye tulipata ruzuku nyingine, ndogo, shilingi milioni 4. Safari hii hatukuweka posho hata senti. Tulinunua magodoro, viti viwili vya magurudumu na mashine ya kupimia shinikizo la damu, tukalipia mafunzo ya akina mama wapya sita, na kiasi kilichobaki tukakinunulia mbegu na mbolea. Mkataba uliisha mwezi Juni. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa wagonjwa kama kawaida, wawili wawili, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyejua kwamba ruzuku imekwisha.

Kwa hiyo, dada yangu wa Nyanda za Juu, tafuta mfadhili, na Mungu akufungulie mlango. Lakini kabla hujasaini, wakalishe wenzako kumi na wawili, muulizane swali hili: fedha hizi zikiisha siku ya Ijumaa, Jumamosi tutakwenda? Kama jibu ni ndiyo, pokeeni kwa shukrani. Kama mnasitasita, ombeni kidogo kuliko mlivyotaka, na mwendelee kwanza kulijaza kapu lenu.

Niandikieni mnieleze vikundi vyenu vinavyofanya, nasi tutajifunza kwenu. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi dada yenu katika huduma.